Kijana wa Lubao, Utakipa Chuo Nini?

Matokeo ya KCSE yakishatoka, maswali ya Lubao huwa yale yale. Umepata gredi gani? Umeitwa chuo kipi? Karo itatoka wapi? Ni maswali ya haki, na hilo la mwisho limewanyima wazazi wengi usingizi. Lakini kuna la nne ambalo hatuulizani nyumbani wala kanisani, nalo ndilo linalokungoja kwenye fomu za ufadhili na za vyuo vya ng'ambo: ukikubaliwa, wewe utakiletea chuo nini?

Hapo ndipo kalamu nyingi husimama. Kijana aliyejibu maswali ya kemia bila kutetemeka anaanza kutafuna mfuniko wa kalamu. Anajiambia, "Mimi ni mtoto wa mkulima. Sijawahi kupanda ndege, sijawahi kushinda tuzo. Nina nini cha kukipa chuo kikuu?" Nakuandikia wewe hasa unayejiambia hivyo. Unacho. Tena unacho kingi, ila hakuna aliyekufundisha kukihesabu.

Nenda sokoni Alhamisi, siku ya mbwa. Soko letu limejulikana Kenya nzima kwa biashara hiyo, na wauzaji na wanunuzi hutoka mbali. Msikilize muuzaji aliyekomaa. Hapotezi muda kusema "mbwa huyu ni mzuri, ni hodari, ni mwaminifu." Wote pale husema hivyo. Yeye husema alikolelewa mbwa wake, boma alilolilinda, usiku aliobweka mwizi akatoroka; kisha humwachilia kamba kidogo ujionee. Usinielewe vibaya, sikufananishi na mbwa. Nakufananisha na yule muuzaji, maana wahenga walisema chema chajiuza, lakini hata chema kinahitaji mtu wa kueleza kilifanya nini.

Basi shika kanuni hii moja: sifa ni tendo lenye shahidi. Ukiandika "mimi ni kiongozi mwenye maono," umeandika maneno ambayo yamo katika kila fomu mezani. Ukiandika kwamba shule yenu ilikosa mwalimu wa fizikia, ukakusanya wenzako saa kumi na moja alfajiri mkagawana mada, kila mmoja akafundisha yake, na naibu wa mwalimu mkuu akawapa ufunguo wa maabara, hapo msomaji amekuona. Neno "uongozi" halimo katika sentensi hiyo, na halihitajiki.

Sasa tuhesabu ulicho nacho.

Anza na uaminifu. Ni nani aliyekuwa akiandika daftari la chama cha mama yako, nani alilipa, nani anadaiwa? Ni nani aliyeachiwa kibanda cha M-Pesa mwenyewe akienda mazishini, na jioni hesabu ikatimia? Kama ni wewe, usikiite kitu kidogo. Chuo huendeshwa kwa imani: mtihani unaofanywa bila kuibia, data ya utafiti isiyopikwa, pesa za kikundi cha wanafunzi zisizoyeyuka. Na ukitaka kujua uaminifu una uzito gani, tazama jina lililo langoni mwa chuo kikuu kilicho karibu nawe kuliko vyote. Masinde Muliro aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa. Mwaka 1975, akiwa waziri, alipiga kura kuunga mkono ripoti ya bunge kuhusu mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, na kwa kura hiyo akapoteza uwaziri. Cheo kilikwenda, jina likabaki, na leo maelfu ya vijana wanahitimu chini yake.

Pili, kuishi na watu. Aliyekulia kwenye soko la barabara kuu ya Kakamega kwenda Webuye amezoea kusikia lugha nyingi kabla ya saa sita mchana. Unajua kumsalimia mzee wa Kikabrasi, kupunguziana bei na Mnandi, kuelewana na Mbukusu, na kumwelekeza dereva wa lori aliyepotea njia. Chuoni utapangwa chumba kimoja na mtu kutoka Garissa, Kwale au Kisii. Wengi watajifungia na watu wa kwao, na uchaguzi wa wanafunzi ukifika, watapiga kura kwa kabila. Wewe unaweza kuwa mtu anayekaa meza yoyote na kuzungumza na yeyote. Kwa kuikosa sifa hiyo, nchi hii ililipa kwa damu katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008. Iandike kwa fahari, kisha ukaiishi.

Tatu, ujuzi wa nyumbani. Hapa ndipo tunapojidharau zaidi, kana kwamba elimu yote huja kwa basi kutoka Nairobi. Pale kando ya Msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru walishirikiana na watafiti wa kituo cha icipe na wa vyuo vikuu, wakalima mmea wa kienyeji wenye harufu ya kafuri, wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator, inayotolewa kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mtafiti alileta maabara, mkulima akaleta mmea, ardhi na miaka ya kuujua, na hakuna ambaye angefika pale peke yake. Basi na wewe, kama bibi yako alikufundisha majani ya kutuliza tumbo, au unajua kisima gani hukauka Februari na kwa nini, usiyaache hayo getini. Yapeleke darasani kama maswali. Mwanafunzi anayekuja na swali la kwao ni hazina kwa mhadhiri, kwa sababu jibu lake halijaandikwa bado.

Nne, kumaliza. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, umewapeleka vijana wa Kenya wenye alama za juu katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani. Katika kuwachagua, waliwahi kukimbizwa hata mita 1500, na wengi wao hawakuwa wanariadha. Fikiria mtoto wa vitabu kwenye mzunguko wa tatu, mapafu yanawaka, na watu wanatazama. Unaweza kumjua mtu sana katika dakika hiyo. Chuoni dakika hiyo itakujia bila uwanja wala kipyenga: mkopo wa HELB umechelewa, chakula ni chai kavu, na mtihani ulioufeli unakungoja uurudie. Je, umewahi kumaliza jambo lililokuwa rahisi kuliacha? Ulilima vibarua vya miwa likizo nzima hadi ukalipa salio la karo? Ulirudia kidato ukiwa mkubwa kuliko wenzako? Andika jinsi ulivyomaliza.

Ila hapo pana mtego, nakuonya kama ndugu. Usiuze umaskini. Barua nyingi kutoka pande zetu zinajaa mvua iliyovuja, chakula kilichokosekana na baba aliyefariki, mpaka msomaji anafika mwisho akiwa na huzuni lakini hajui mwandishi ni mtu wa namna gani. Umaskini ni hali, ulichofanya ndani yake ndicho sifa. Sema paa lilivuja ikiwa lazima, kisha tueleze ulihamia wapi kusoma, na ulimbeba nani pamoja nawe. Vivyo hivyo usitie chumvi. Tendo dogo la kweli linamshinda shujaa wa kubuni, na siku ya mahojiano shujaa wa kubuni huulizwa swali la pili akanyamaza.

Na usidhani swali hili ni la wanaokwenda ng'ambo tu. Hata ukipangwa na KUCCPS katika chuo cha hapa hapa, fomu isikuulize chochote, chuo chenyewe kitakuuliza kila siku. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza miaka ya 1970 kama chuo cha WECO, enzi za harambee, watu wa Magharibi walipochanga ili watoto wao wapate pa kusomea. Kikawa chuo kishiriki cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Waliochanga, wengi wao, hawakuketi hata siku moja katika ukumbi wake wa mihadhara. Walileta walichokuwa nacho. Wewe utakayeketi, ukienda kuchukua cheti tu na kuondoka, utakuwa umewadhulumu.

Sasa, kazi. Kati ya matokeo na kufunguliwa kwa vyuo kuna miezi mingi, na wengi huimalizia kwenye simu au kwenye steji ya bodaboda wakipiga soga. Wewe itumie kutengeneza ushahidi. Watafute watoto watano wa jirani wanaokwama kwenye hesabu, uwafundishe kila Jumamosi hadi alama zao zibadilike. Mwekee mama yako hesabu ya kibanda chake kwa miezi mitatu, umwonyeshe faida inapovujia. Waite vijana wenzako msafishe mtaro wa soko unaofurika mvua ikinyesha, kisha mrudi mwezi unaofuata, maana kurudi ndiko kugumu. Dada uliyelea wadogo zako huku ukisoma, hesabu hilo pia. Kuwaamsha, kuwalisha na kuwafikisha shule watoto watatu kabla ya saa moja ni uongozi ambao mawaziri wengine hawauwezi.

Wazazi, msiwaulize watoto gredi peke yake. Walimu, mnapoandika barua za mapendekezo, tupeni tendo mliloliona kwa macho yenu. "Ana nidhamu na bidii" haijamsaidia mtoto yeyote.

Na wewe kijana, chukua daftari leo hii. Chora mistari miwili ipatikane safu tatu: nilifanya nini, nani alifaidika, nani alishuhudia. Jaza matendo matatu kabla ya kulala. Ukikosa la tatu, usisikitike, kesho asubuhi toka ukalifanye.