Mlokole ni Nani?

Jioni ya tarehe 25 Juni 2024 nilifika Kangemi kwa miguu, macho bado yanawasha kwa vitoa machozi vya mjini. Nikaandika kwa simu: walokole ndio waliotuletea serikali hii. Mama akafungua mlango. Mama ni mlokole. Alikuwa amenichemshia maji ya kuoga.

Neno hilo tulilitoa kwa Waganda: balokole, waliookoka, watu wa uamsho wa miaka ya 1930. Hapa kwetu, wakati wa Mau Mau, wengi wao walikataa kula kiapo, na wengine wakakataa pia bunduki ya mkoloni. Pande zote mbili zikawashuku.

Leo tunalitumia kama jina la chama. Sawa, mchungaji aliyempa mwanasiasa mimbari mlaumu, tena kwa jina lake. Lakini ukisema "walokole" tu, unamzawadia mwanasiasa imani ya watu ambao hawakumtuma, na unamhukumu mama yangu bila kumuuliza.

Mimi nilimuuliza, siku ya tatu. Akacheka kidogo. "Mwanangu, mimi niliokoka. Sikuandikwa kazi na mtu."

Nilikuwa nimepata likes mia mbili. Nikafuta.