Bwana Hakuomba Damu ya Midomo Yenu

Wapendwa wapiga tarumbeta, acheni kujivunia midomo iliyopasuka! Alfajiri ya Pasaka makaburini, katikati ya umande na baridi, kijana anafuta damu kwa mgongo wa mkono, anarudisha chombo mdomoni, na wazee wanasifu: huyu ana bidii. Hapana, ndugu zangu. Hilo ni jeraha. Damu iliyotakiwa ilimwagika msalabani mara moja tu, wala hakuna tone la kwenu linaloongeza kitu.

Ibada hiyo ya alfajiri Wamoravian waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732; wamisionari wao wakafika Rungwe mwaka 1891. Tumerithi jambo zuri mno, na hatutalitunza kwa kuwaharibu wanaolibeba. Sauti haizaliwi kwenye shaba. Inazaliwa katika mtetemo wa midomo yako, shaba inaikuza tu. Basi chombo chako cha kwanza ni hiyo nyama nyembamba, isiyo na tezi za jasho wala za mafuta, ndiyo maana upepo wa Juni nyanda za juu unaikausha kabla ya sehemu nyingine zote za uso.

Nawe unafanya nini ikikauka? Unailamba! Mate yanapokauka huondoka na unyevu uliokuwapo, na vimeng'enya vyake vinavyosaga chakula huichoma ngozi. Unawashwa, unalamba tena. Acha, nakusihi. Kunywa maji tangu asubuhi, usingoje kiu ikukute mlangoni pa kanisa. Usiku osha midomo, pakaa mafuta ya mgando kidogo au nta ya nyuki, ulale. Ukienda kupiga, yafute, kwa sababu mdomo wenye utelezi hautulii mahali pake, na mpigaji hujikuta anakandamiza chuma ili usihame. Kukandamiza ndiko kunakoua! Damu haipiti, mdomo unakufa ganzi, noti ya juu inagoma, naye anazidi kubana.

Najua vijana wanaoona haya, wakidhani kupaka mafuta midomoni ni mambo ya wasichana. Mwangalieni Louis Armstrong, bingwa wa jazi wa Marekani, aliyepiga tarumbeta Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960. Miaka ya 1930 mdomo wake ulipasuka akiwa jukwaani London, ikambidi apumzike miezi kadhaa. Baadaye hakukosa marhamu ya midomo iliyotengenezwa na Franz Schüritz wa Mannheim, ikauzwa hata kwa jina la Armstrong mwenyewe. Madaktari nao wameupa ugonjwa wa kuchanika msuli wa mdomo jina lake la utani, Satchmo. Bingwa yule hakuona haya. Wewe unamwonea nani haya?

Someni Hesabu sura ya 10. Musa aliagizwa kufua tarumbeta mbili za fedha, na papo hapo akapewa utaratibu: ipigwe moja lini, zote mbili lini, kwa namna gani. Hakuambiwa zilie mfululizo. Walimu wa bendi, wimbo ukiwa na beti sita, kwa nini kila chombo kilie beti zote? Ubeti mmoja nusu ya bendi iteremshe vyombo na kuimba, ubeti unaofuata wapokezane. Anzeni mazoezi kwa noti ndefu za chini, taratibu, na mkimaliza mpumue kwa kutikisa midomo ilegee kama ya farasi, damu irudi.

Na wazee wa kanisa, hili ni lenu. Watoto watatu wanapokezana kipulizio kimoja, mmoja ana malengelenge mdomoni, Jumapili ijayo wote wanayo. Kila mtoto apate kipulizio chake, kinunuliwe kwa sadaka ya kanisa, kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Na yule ambaye mdomo wake umepasuka aambiwe na mwalimu mwenyewe, mbele ya wenzake na bila kumwaibisha, kwamba leo ataimba.