Msumeno na Fundi

Sheria ni msumeno, husema wasemao. Je, msumeno waweza kumfanya mwenye kiwanda awe mbunifu wa mema?

Hapa Wawi, makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, hutiwa mvuke kiwandani yakatoa mafuta. Taka imekuwa mali, na iliyoelekeza akili huko ni faida. Lakini faida huokota taka yenye bei tu. Isiyo na bei huiachia bahari. Hapo ndipo sheria huhitajika.

Zanzibar ilitangulia kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019. Ikazuka mifuko mbadala. Bara iliagizwa isipungue gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ipate kutumika mara nyingi. Wapo waliotengeneza myepesi zaidi, na mingi ni nyuzi za plastiki vilevile. Huo nao ni ubunifu, ila ni wa kukwepa.

Msumeno hukata, hauundi jahazi. Sheria yaweza kumzuia mtu asiitwishe bahari gharama yake. Kutafuta bidhaa isiyodhuru, hata pasipo mkaguzi mlangoni, ni wajibu wa dhamiri yake.