Kabla Dalali Hajaleta Mteja

Umeamua kuuza nyumba, na dalali kesho analeta mteja. Anzia stoo. Humo mna jiko la mkaa lililotoboka kitako, ndoo zisizo na vipini, feni iliyogoma zamani, na lile godoro la mgeni asiyekuja. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, mwite. Mteja akikuta makochi yamebanana hadi mlangoni ataona sebule ndogo, na bei ataishusha papo hapo. Wengine husogeza kabati lizibe ufa. Haya, fundi wa mteja atalisogeza tena.

Ila karatasi usizichome kwa pupa. Kwenye mfuko wa rambo, katikati ya kadi za kliniki na madaftari ya watoto ambao sasa wana watoto wao, ndimo hujificha risiti za kodi ya ardhi, pengine na hati yenyewe. Na kabla ya yote, kaa na mwenzako: Sheria ya Ndoa ya 1971, hapa Tanzania, haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Mkishakubaliana, muulize na ile cherehani ya mama yake inakwenda wapi.