Deni la Haraka

Msomaji, ukipita Gitothua alfajiri katika mwezi wa Julai, wakati baridi ya Ruiru ingali imelala juu ya mapaa ya mabati na mashamba ya kahawa yaliyosalia, huenda ukasikia motokaa ya mbio ikiwashwa. Injini hukohoa, hutetemeka, kisha hunguruma. Mwenyewe ana haraka. Barabara kuu ya Thika haiko mbali, na tangu upanuzi wake ulipokamilika katika mwaka wa 2012 imekuwa kishawishi kikubwa kwa kila mtu aliye na gari lenye nguvu. Je, dereva huyu aondoke kwa kishindo, au aende kwanza kwa upole? Swali hili laonekana kuwa la fundi peke yake. Mimi nadai kuwa ni swali la haki pia, nami nakuomba ulipime pamoja nami.

Kwanza yatupasa kulijua jambo lenyewe. Injini iliyolala usiku kucha katika baridi haiko katika hali iliyokuwa nayo jana ilipokimbia. Mafuta yake ya kulainisha yamekuwa mazito, na hupita kwa shida katika njia nyembamba. Pistoni zake, ambazo kwa kawaida ni za aluminiamu, hutanuka kwa joto mara mbili hivi kuliko chuma; kwa hiyo nafasi iliyo kati yake na silinda haiwi sawasawa mpaka joto limeenea kila mahali. Tena injini baridi hupewa petroli nyingi zaidi, na petroli isiyoungua huosha mafuta katika kuta za silinda. Anayekanyaga akseleta kwa nguvu katika hali hiyo huvilazimisha vyuma visuguane kabla ya kupata kinga yake kamili. Wala asidanganywe na mshale wa joto ulio mbele yake: huo hupima maji, na maji hupata moto mapema kuliko mafuta.

Mwisho wa safari nao una adabu yake. Magari mengi ya mbio yana kifaa kiitwacho tabo, yaani magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi wa injini huzungusha la kwanza, na la pili husukuma hewa ndani ya injini ili ipate nguvu zaidi. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi uuzungushao huweza kupita digrii 800 za Selsiasi. Kiuokoacho ni utando wa mafuta yapitayo bila kukoma. Dereva akitoka katika mbio kali akazima injini papo hapo, mafuta husimama lakini joto halisimami. Mafuta yaliyonaswa pale huungua yakawa masizi magumu, na siku baada ya siku masizi huziba njia. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Injini iliyonyamaza pia usidhani imepoa. Ni kweli kwamba tabo nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji, na hatari imepungua. Lakini kupungua si kwisha.

Dawa ya mambo haya ni nyepesi. Asubuhi, ngoja nusu dakika hivi, kisha nenda kwa upole kilomita kadhaa za kwanza. Jioni, punguza mwendo kabla hujafika nyumbani, na ikiwa ulikimbiza gari sana, iache injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili. Zaidi ya hapo si lazima. Aiachaye injini ikinguruma nusu saa uani huteketeza petroli na kuwavutisha jirani zake moshi, na hafanyi wema wowote.

Lakini nasikia mtu akisema: Gari ni langu, na chuma hakina maumivu. Nikiliharibu, nimemkosea nani?

Hoja hii ina nguvu, nayo yastahili jibu. Chuma hakina maumivu, kweli. Lakini itazame tabia ya madhara haya: hayaji leo. Injini husamehe asubuhi ya kwanza, husamehe hata ya mia, kisha siku moja hudai deni lote kwa mara moja. Na siku hiyo mdaiwa huwa nani? Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza; na mengi ya magari hayo hutoka Japani na kushushwa Mombasa. Basi gari lililoko Gitothua mara nyingi lilikuwa na bwana mwingine, ng'ambo ya bahari. Rangi yake huonekana, na idadi ya kilomita zake husomeka. Lakini asubuhi zake hazikuandikwa katika hati yoyote. Tuseme mwalimu kijana ameweka akiba miaka mitano, akajinyima mengi, akalinunua. Mwezi wa tatu injini inakufa mikononi mwake. Jirani humcheka kwamba hajui kuendesha, na fundi humtajia gharama isiyolipika. Aliyekopa ile haraka yu mbali, amelala usingizi mzuri. Aliyelipa ni mtu asiyemjua. Hilo ndilo kosa. Hakuonewa chuma, ameonewa mwanadamu.

Tena mtu asidhani kwamba upole huu ni woga wa mbio. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mashindano ya Safari katika mwaka wa 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha tumika kabla ya kufika mikononi mwake. Akashinda tena katika 1974 na 1976. Katika maelfu ya kilomita za vumbi na matope, ushindi si wa mwenye kasi tu, ila wa yule ambaye gari lake lingali zima mwishoni. Ajuaye kwenda mbio hujua pia wakati wa kutokwenda mbio.

Nakubali kwamba iko saa ya kuvunja kanuni. Mgonjwa akizidiwa usiku, dereva asisimame uani kungoja mafuta yalainike. Mtambo uliumbwa kwa ajili ya mtu, na uhai una thamani kupita pistoni. Lakini dharura ya kweli haiji kila alfajiri, na aiitaye kila alfajiri yake kuwa dharura hujidanganya.

Tazama sasa jinsi jambo hili livukavyo mipaka ya injini. Bwana amwamshaye mtumishi na kumtwisha mzigo mzito kabla hajanyoosha mgongo. Mwenye kazi amtumiaye mtu kwa nguvu zake zote miaka mingi, kisha akamwachisha kwa siku moja: wote hao hukopa kwa haraka, na deni huwaachia wengine. Mpanda ngazi hushuka. Na amjengeaye mwenzake ngazi ya kupandia hana haki ya kumwondolea ya kushukia.

Dakika moja ya uani haina mashahidi wala makofi. Kwa sababu hiyo hasa ni mizani ya kweli ya mtu. Basi, msomaji, siku utakaposhika usukani, au utakapopewa kitu chochote chenye nguvu, usijiulize tu kitakupeleka wapi leo. Jiulize pia ni nani atakayeamka nacho asubuhi, baada yako.