Seva Ikilala, Nani Atakesha?

Mpwa wangu, kabla hatujafika kwenye PHP, Python au JavaScript, nijibu hili: huyo mwenye duka la vipuri aliyekupa kazi ya tovuti, siku ukipata ajira Nairobi au Kigali, mfumo wake ataushika nani? Ninyi vijana hubishana juu ya lugha kama mashabiki wa Simba na Yanga, na katika ubishi wote huo sijasikia mtu akimtaja mteja.

PHP naona umeshaidharau. Kweli, haikuzaliwa kwa mpango. Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alikuwa akijitengenezea vijizana vya kuendeshea ukurasa wake mwenyewe, na mwaka uliofuata akavitoa hadharani. Mpaka leo majina ya amri zake hayafuati utaratibu mmoja. Lakini Wikipedia inaendeshwa kwa PHP, WordPress vilevile, Facebook ilianzia huko mwaka 2004, na Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, nalo lilijengwa kwa PHP. Kwa kawaida kila ombi linaloingia huanza upya na kuisha lenyewe, hivyo ukurasa mmoja ukiharibika mingine inaendelea kufunguka. Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: hata katika mji mdogo wa mkoani hukosi kijana wa kufungua faili la PHP akaelewa kinachoendelea.

Python ya Guido van Rossum ni safi zaidi machoni, hilo sikatai. Fremuwaki yake ya Django ilitokana na kazi ya watengeneza programu wa gazeti moja la Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Watu wa gazeti hawana muda wa kusubiri, na ndiyo maana Django inakuja na kurasa za usimamizi zilizo tayari. Mwenye duka anaweza kuingiza bei mpya za breki na plagi siku ileile, wewe bado unahangaika na muonekano wa mbele.

JavaScript huwezi kuikwepa, maana ndiyo lugha ya kivinjari. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwaka 1995, na Ryan Dahl akaipeleka kwenye seva kwa Node.js mwaka 2009. Ni nzuri kwa gumzo na kazi yoyote yenye watu wengi waliounganishwa kwa pamoja, mradi usiipe hesabu nzito katikati ya kazi, kwani wote watasimama foleni kukusubiri. Angalia pia vifurushi vya watu wengine unavyovipakia. Mradi mdogo huishia kutegemea mamia ya vifurushi usivyovijua, na ukiurudia baada ya miaka miwili utaumia kichwa. Kama moyo wako uko kwenye mifumo ya afya, jifunze Java: OpenMRS, iliyoanzia kwenye kliniki za Eldoret, na DHIS2, inayokusanya takwimu za hospitali Kenya na Tanzania, zote zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Kwa duka la vipuri ningechukua PHP na fremuwaki yake ya Laravel, au Django. Chagua moja ukae nayo. Muda utakaobaki upeleke kwenye SQL, kwa sababu lugha ya juu hubadilishwa, majedwali ya mteja yanabaki. Fedha zihifadhi kwa namba kamili au kwa aina ya desimali ya hifadhidata yenyewe. Zile namba za desimali zinazoelea ziogope. Kwa kompyuta, 0.1 na 0.2 hazitoi 0.3 kamili.

Sasa seva. Panga moja ndogo, yenye Linux na GB 2 za RAM. Mbele weka nginx, ambayo Mrusi Igor Sysoev aliitoa mwaka 2004 ili mashine moja ihimili miunganisho 10,000 kwa wakati mmoja. Nyuma yake programu yako, na PostgreSQL hapohapo. Habari za Kubernetes waachie waliokuwa na tatizo lake. Ilitoka Google, watu wenye mashine zisizohesabika na wahandisi wa kukesha kwa zamu. Wewe zamu zote ni zako. Ingia kwa ufunguo wa SSH, kuingia kwa nywila kuzime, na mlango wa hifadhidata usiuache wazi kwa intaneti. Cheti cha HTTPS utakipata bure kwa Let's Encrypt, ila hakikisha kinajihuisha chenyewe.

Iwe wapi? Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua. Seva iliyo nchini hufikiwa kupitia vituo vya kubadilishana trafiki, KIXP kwa Nairobi na TIX kwa Dar es Salaam, bila kuvuka bahari. Ya nje mara nyingi ni nafuu na ina huduma nyingi, lakini bili ni ya dola na mteja anakulipa shilingi. Piga hesabu hiyo kabla ya kusaini. Na taarifa za wateja wa duka ukizihifadhi nje, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022.

Malipo ya simu yana tabia yake. Mnunuzi akishaweka PIN, jibu la muamala haliji kwenye ukurasa alioufungua. Kampuni ya simu hulituma moja kwa moja kwa seva yako. Seva ya bure inayosinzia isipotumika inaweza kuchelewa kuamka, jibu likapotea, na pesa imeshakatwa. Kwa hiyo seva ijue kuuliza hali ya muamala yenyewe. Tena jibu hilohilo linaweza kufika mara mbili, basi namba ya muamala isiruhusiwe kujirudia kwenye jedwali.

Saa ya seva iache kwenye UTC. Mwenye duka akisema ripoti itoke saa mbili asubuhi, huko ni 05:00. Akisema saa mbili tu, muulize tena.

Bakapu hujawa nayo mpaka umeirejesha kwenye mashine nyingine na ikafunguka. Mwaka 2017 mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata iliyokuwa kazini kwa bahati mbaya. Walipokimbilia bakapu, njia kadhaa zikakutwa hazifanyi kazi, wakapoteza data ya takriban saa sita. Na hao ni kampuni nzima ya watu wa kazi hii.

Ukimaliza, mwandikie mwenye duka karatasi moja: seva iko wapi, kikoa kinaisha lini, bakapu inakaa wapi, funguo ziko kwa nani. Kikoa kisajili kwa jina lake, si lako. Ada ya matengenezo ya kila mwezi iandike humohumo, tena juu kabisa, kabla hajaizoea huduma ya bure.