Aliyetumwa Kutumika, Naye Akitumikiwa



Kijana mmoja wa usharika wetu yuko Ujerumani tangu mwezi wa Septemba, katika mji wa Wuppertal. Ametumwa kutumika kwa kujitolea muda wa mwaka mmoja katika nyumba ya wazee. Kabla ya juma la pili kwisha aliniletea barua kwa njia ya simu, ndefu kuliko zote alizopata kuniandikia, na ndani yake mlikuwa na swali nisiloweza kulijibu siku ile. Nimepata ruhusa yake kulinena hapa, na ya mama yake pia, maana mama huyo ni msomaji wa gazeti hili.

Swali ni hili: mtu aliyetumwa kwenda kutumika, akifika naye akawa ndiye wa kutumikiwa, je, angali mtumishi? Au anakula mkate wa watu kwa jina lisilo lake?

Kwanza niwaeleze siku zake za kwanza zilivyokuwa. Alifika Jumamosi usiku. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na huko maduka hufungwa Jumapili kwa sheria, naye hakuwa na chakula ila mfuko wa karanga alizokaangiwa na mama yake. Jirani wa chini akamgongea mlango, akampa mkate, na mayai ndani ya bakuli. Siku ya pili alipelekwa ofisi ya mji, kwa kuwa kila ahamiaye katika nyumba yampasa kuandikishwa kabla ya majuma mawili kupita. Karatasi zilijazwa na mtu mwingine, yeye akatia sahihi tu. Siku ya tatu alifundishwa kutupa takataka. Msicheke. Karatasi zina pipa lake, maganda ya viazi yana pipa lake, plastiki ina pipa lake, na chupa nyingine hazitupwi kamwe, bali hurudishwa dukani, na mtu hulipwa senti 25 kwa kila moja. Kijana wa miaka 23, mwenye cheti cha ualimu, alisimama mbele ya mapipa hayo kama mtoto. Jioni aliketi mezani akingoja chakula kitoke jikoni, wala hakikutoka, maana mkate na jibini vilivyokuwa mbele yake ndivyo vilikuwa chakula chenyewe.

Mji ule naujua kidogo, kwa maana nalikaa huko majuma machache nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia. Umejengwa katika bonde jembamba, na treni yake haipiti juu ya reli, bali imetundikwa chini ya reli, yaning'inia juu ya mto Wupper kama popo, tangu mwaka 1901. Ndani ya mji huo ndimo ilimo Barmen, ambako mwaka 1934 Wakristo wa makanisa ya Kiinjili walikutana wakayakana mafundisho ya wale waliotaka kulitia Kanisa chini ya mamlaka ya Hitler. Nalidhani kijana ataniandikia juu ya mambo hayo. Aliniandikia juu ya kijiko.

Katika nyumba ile yumo mama mmoja aliyepita miaka themanini. Kijana aliambiwa amsaidie wakati wa chai ya asubuhi. Mama akamwuliza neno, naye hakulielewa, kwa kuwa Kijerumani chake kilikuwa cha miezi mitatu tu. Ndipo mama akainua kijiko, akakitaja jina, akamtaka alirudie. Akainua kikombe, akainua sukari, hata meza nzima wakacheka, si kwa ubaya. Alasiri akaagizwa amsindikize mama huyo mpaka kwa mwoka mikate. Mama akatangulia na kigari chake cha kujishikizia, kijana akafuata nyuma. Na walipofika dukani, mama ndiye aliyezichagua sarafu katika kiganja cha kijana, akazihesabu moja moja. Sasa semeni, nani alimsindikiza mwenziwe?

Hapo ndipo moyo wake ulipochafuka. Aliniandikia hivi: "Mchungaji, tangu utoto wangu nimeona majina ya wafadhili wa Ulaya yameandikwa juu ya kisima na juu ya mlango wa zahanati. Nilipochaguliwa nalisema, safari hii sisi ndio tunaotoa. Nimefika, na mkono wangu ni ule ule uliokunjuliwa." Akasema ya kuwa mwezi ukiisha atarudi nyumbani.

Hasira hii ina msingi, wala sitaki kuidharau. Mpango uliompeleka, uitwao weltwärts, ulianzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008 ili vijana wao waje kwetu na katika nchi nyingine. Ilipita miaka mitano hata njia ikafunguliwa kwa vijana wa upande wetu kwenda kwao, mwaka 2013. Kijana aliyengojewa na kijiji kizima kwamba atakwenda kutoa, aonapo anapokea tena, yamchoma.

Jibu langu la kwanza nalilifuta. Nalikuwa nimemwandikia avumilie, lugha itakuja, naye atayalipa yote kwa kazi yake. Walakini nilipolisoma tena niliona nimewafanya jirani na yule mama kuwa wakopeshaji. Mayai yale hayakuwa mkopo.

Kisha nikakumbuka habari za wale sabini katika Luka 10. Bwana aliwatuma bila mfuko wala mkoba, akawaagiza wakae katika nyumba watakayopokelewa na kula watakavyowekewa. Nimehubiri fungu hilo mara nyingi nikiona ndani yake umaskini wa mitume tu. Sasa naona jambo jingine: walitumwa kwa namna ambayo iliwalazimu kupokea kabla ya kutoa. Aliyekuja na kila kitu hamhitaji mwenyeji wake, na mwenyeji asiyehitajiwa hubaki mtazamaji. Yule mama, tangu kuingia katika nyumba ile, hutendewa yote: huvikwa, hupewa dawa, hupelekwa. Huenda miaka imepita bila mtu kuhitaji kitu alicho nacho yeye.

Najua mtu ataniambia, "Mchungaji, kwa maneno hayo kila mvivu atajiita mtumishi." Neno hilo ni zito. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami nasema ya kuwa mgeni mwema huliulizia jembe mwenyewe, na mwenyeji mwema hamfichi. Twajua tulivyowatendea vijana wa Kijerumani waliokuja kwetu. Tuliwacheka walipobeba ndoo na kumwaga nusu ya maji njiani. Wengine tuliwaketisha kwenye kiti cha heshima mwaka mzima, wakarudi kwao bila kushika jembe letu. Hilo halikuwa ukarimu. Nalimwambia basi kijana aende kwa msimamizi aombe kazi isiyohitaji maneno mengi. Akapewa kumenya viazi na kupanga meza, na mama yule hupita na kigari chake akivisahihisha vijiko.

Kosa nililoliona ni jingine. Siku ile ile aliponiandikia mimi, alimwandikia mama yake ya kuwa amekwisha kuwasaidia wazee wengi, nao wanamsifu. Hapo nalimkemea, ingawa kwa aibu, kwa kuwa mimi nami nilipokuwa huko nalimwandikia mama yangu kwamba nahubiri, hali nalikuwa nimesoma somo moja tu, tena kwa matamshi mabaya. Petro alipokataa kuoshwa miguu alikataa waziwazi. Sisi huoshwa, kisha twaandika nyumbani kwamba sisi ndio tuliokuwa tukiosha.

Kijana akamweleza mama yake yote, pamoja na habari za jirani wa chini. Mama akamjibu kwa neno moja tu: je, ile bakuli umemrudishia? Akasema bado. Mama akamwambia asiirudishe tupu. Karanga zilikuwa zimebaki kidogo, naye akazitia zote.